Wiki Sita za Waya Mdomoni

Nimeshika kazi nyingi maishani na sikudumu katika hata moja, lakini meno yangu mawili ya mbele ninayo hadi leo. Kuna wakati nisingethubutu kuahidi hivyo.

Kisa kilianzia Belobaka, pale mji wa Mahajanga unapokwisha na barabara ya bara inapoanza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, utingo wa lori la kubeba chumvi kwenda na mchele kurudi. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, kwa sababu madirisha yake yalitazama barabara. Lori letu lilikuwa zee. Haliwaki mpaka ulizungushe kwa hendeli, kile chuma kilichopinda kinachochomekwa mbele ya injini. Dereva alikuwa amenionya tena na tena: ukishazungusha, rudisha kichwa nyuma. Mimi nilitaka kusikia kinachotokea mle ndani moto unaposhika. Siku hiyo nikazungusha, kisha badala ya kurudi nyuma nikainama kutega sikio. Injini ikapiga kinyume, na hendeli ikanirudia kama teke la punda, ikanipata mdomoni.

Nilipoinuka, meno mawili ya juu yalikuwa yanacheza. Moja lilikuwa limelala kuelekea ulimi. Dereva alinitazama, akanipa kitambaa chake cha kufutia mafuta, akageuza lori kuelekea mjini.

"Usiteme," alisema. "Ukitema, na meno utayatema."

Nikameza damu njia nzima.

Nilichokuwa nikiogopa si maumivu. Baba yangu, mtu wa Ngazija aliyekuja Mahajanga akiwa kijana, alipoteza meno ya mbele kabla sijazaliwa. Wenzake walikuwa wakisema kwamba alikuwa na sauti nzuri ya kusoma maulidi. Mimi sikuwahi kuisikia. Nilichokijua ni mzee aliyekaa safu ya nyuma, anachezesha midomo bila kutoa sauti, kwa sababu kila herufi yake ilitoka na mluzi na watoto wa mtaa walikuwa wakimwiga. Hata mimi nilimwiga, siku moja, akanisikia. Alikuwa ameshafariki nilipopigwa na hendeli, na ndani ya lori lile nilijiona nimekaa safu yake.

Daktari wa meno hospitalini alikuwa Mfaransa mzee, mmoja wa wale ambao uhuru uliwakuta na ukawaacha walipo. Alifanya kazi bila kusema, na muuguzi wake, mama mmoja wa nyanda za juu, ndiye aliyenisemesha. Daktari alilisukuma jino lililolala likarudi mahali pake, na hapo sitaki kueleza zaidi. Kisha akachukua waya mwembamba wa chuma, akaupitisha mbele na nyuma ya meno sita, akaukaza kati ya kila jino na jino kwa kuusokota, ncha akaikata, akaikunja, akailaza kwenye ufa. Niliomba kioo. Nilipotazama niliona kazi ya mtu anayejua: kama ua wa shamba uliofungwa vizuri, kila nguzo na kifundo chake.

Muuguzi aliniorodheshea masharti akihesabu kwa vidole. "Wiki sita. Kula vyakula laini. Sukutua kwa maji ya chumvi kila ukila. Usiyasukume kwa ulimi. Usitie vidole. Waya ukikuchoma, uje hapa. Usiukate mwenyewe, hata iweje."

"Na nikitaka kujua kama yameshika?"

"Usitake kujua," alisema.

Hakuna aliyewahi kunipa amri ngumu kama hiyo.

Kazi ya lori ilinishinda, maana kila shimo la barabara lilipiga kwenye taya. Dereva akaniambia nipumzike. Nilipumzika siku tatu. Siku ya nne nilisikia kwamba kisiwani Nosy Be wanahitaji watu kwenye mitambo ya kukamua maua ya mlangilangi, na nikakumbuka kwamba sijawahi kuona ua likigeuka manukato. Meli ndogo ya mizigo ilikuwa inaondoka kesho yake. Nilikuwa nimeambiwa waya ukinichoma nirudi hospitalini, nami nikapanda meli ya kwenda kule. Ndivyo nilivyokuwa.

Nosy Be nilifikia kwa mama mdogo, binamu wa marehemu mama yangu, aliyekuwa na nyumba ndogo Ambatoloaka. Siku zile Ambatoloaka ilikuwa nyumba chache, nyavu zimeanikwa, na mbwa. Alikuwa mjane, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Mazungumzo yake nayaandika kwa Kiswahili, lakini yeye alikuwa akisema Kingazija chake, na Kimalagasi cha kule kikiingia kila palipohitajika.

"Fungua kinywa," alisema hata kabla sijatua mfuko. Nikafungua. "Ala! Umejizungushia sengenge. Unaogopa mbuzi wataingia?"

Yeye ndiye aliyenifundisha kuishi na waya ule. Wiki ya kwanza mashavu yangu yalikuwa yamechubuka ndani kila mahali palipogusana na vifundo, na mdomo wa juu ulikuwa umevimba hata nashindwa kunywa bila kujimwagia. Maji ya chumvi nilikuwa ninayatumia, lakini nayatia chumvi kama ya kuhifadhia papa. Mama mdogo alionja, akatema nje ya mlango.

"Unataka kupona au unataka kukauka?"

Akanionyesha kipimo: kijiko kidogo kwa kikombe, maji ya vuguvugu, na usukutue taratibu, usiyatikise kwa nguvu kama unaosha chupa. Kisha akaleta bonge la nta ya nyuki aliyokuwa akipitishia uzi wake wa kushonea. Alimega kipande kama punje ya mtama, akakifinyanga kati ya vidole mpaka kikalainika, akaniambia nikaushe kifundo kwa kitambaa safi, kisha nikibandike hapo. Nilifanya hivyo, nikafunga mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu Belobaka shavu langu lilikutana na kitu laini. Nakumbuka nilikaa kwenye kizingiti nikafumba macho. Mtu aliyewahi kuvua kiatu kinachobana baada ya safari ndefu atanielewa.

Kwa chakula tulikuwa tunakula shelisheli la nazi lililochemshwa mpaka likakaribia kuyeyuka, samaki aliyechambuliwa miiba yote, na uji mzito wa mchele. Embe nilijaribu mara moja tu. Nyuzi zake ziliingia kwenye waya, nikashinda mchana kutwa nikizitoa kwa kijiti kama fundi wa nyavu. Mswaki wangu wa mti niliutafuna ncha mpaka ukawa laini kama brashi ya rangi, nikawa nafagia nao kifundo kimoja baada ya kingine.

Kilichonitesa kuliko njaa kilikuwa ukoko. Huko baada ya kupakua wali hawaukwangui ukoko. Wanamwaga maji ndani ya sufuria, wanachemsha, na maji yale yenye harufu ya kuungua ndiyo kinywaji cha kila mlo, ranovola. Lakini mama mdogo, akijua napenda, alikuwa akiubandua kwanza upande mmoja, mkavu, wa rangi ya kahawia, akautafuna mbele yangu. Kra, kra.

"Mama mdogo, huo si uungwana."

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, mwanangu. Ulikuwa unasikiliza nini kwenye injini ya watu?"

Kazini nilipewa kuchochea moto chini ya mitungi mikubwa ya shaba. Wanawake walikuwa wakichuma maua alfajiri, wakiyaleta kwa vikapu, manjano na kijani yamelegea kama vidole vya mtoto. Mvuke ulipanda kwenye bomba, ukapozwa kwenye pipa la maji, ukadondoka chupani, na juu ya maji yale yakaelea mafuta kama jicho la kuku. Niliuliza maswali mengi hata msimamizi akaniambia nifunge mdomo. Na hapo ndipo wachumaji walipoona kwamba mdomo wangu unang'aa.

Ili mtu aelewe kilichofuata, ajue kwamba Nosy Be ya siku zile jino la dhahabu lilikuwa pambo la kweli. Mtu akifanikiwa, au akikaribia harusi kubwa, alikwenda kwa sonara, na alirudi akicheka hata pasipo na kichekesho. Waya mdomoni hawakuwahi kuuona. Walichokiona ni madini meupe, meno sita kwa mpigo.

"We kaka wa Mahajanga," mmoja wao aliita, mama mnene mwenye msindano, ile liwa ya wanawake, umepakwa uso mzima, "hiyo fedha umetiwa wapi?"

"Mwache," mwenzake akamjibu. "Bwana harusi haulizwi bei."

"Bwana harusi anachochea kuni?"

"Anajifanya maskini. Wenye nazo ndivyo walivyo. Tazama suruali."

Wakacheka wote. Nami ningeweza kusema neno moja tu, kwamba nilipigwa na hendeli kwa ujinga wangu. Sikulisema. Nilitabasamu, kwa upana niliouweza, nikarudi kwenye kuni zangu. Hakuna aliyewahi kunidhania bwana harusi.

Uvumi ukatembea. Wiki ya nne, mzee mmoja wa mtaa wa jirani alikuwa anaoza binti yake, na watu wakanialika. Nilidhani nitakaa nje na vijana. Mpokeaji wageni mlangoni alinisalimu, nikaitikia, macho yake yakaniganda mdomoni, na mara nikajikuta nimeshikwa mkono na kupelekwa mbele, kwenye mkeka wa wageni wa heshima kutoka mbali. Nilitaka kusema hapana. Lakini kusema hapana kulihitaji maelezo, na maelezo yalihitaji ukweli.

Sinia likaja. Kwa desturi yao kipande bora cha ng'ombe hakiachwi kiende kwa yeyote tu. Mwenye shughuli hukichagua mwenyewe. Yule mzee alikuja, akachota kwa mkono wake mwenyewe kipande cha nundu, kikubwa, kilichokaangwa mpaka ngozi ya nje ikawa ngumu kama mkanda, akakiweka upande wangu.

"Karibu, mwanangu. Mgeni hali pembeni."

Wazee watano walinitazama. Ningekiacha, ningekuwa nimekataa mkono wa mtu siku ya harusi ya binti yake. Nilikitia kinywani, nikakitafuna kwa nyuma, polepole, nikiomba Mungu. Mafuta yalikuwa laini, na nikaanza kutumaini. Kisha ile ngozi ikateleza kuja mbele, nikaing'ata bila kutaka, na nikasikia sauti ndogo sana ndani ya kichwa changu. Tki.

Kifundo kimoja kilikuwa kimefunguka. Ncha ya waya ikasimama na kuingia kwenye mdomo wa juu kama ndoano.

Nikameza. Nikasema, "Alhamdulillahi, tamu." Mzee akafurahi, akanikatia kingine.

Kufika asubuhi mdomo ulikuwa umetoboka kidonda. Nta haikukaa, ncha iliipasua kila nilipoibandika. Nilipofungua kinywa kwa mama mdogo hakutania. Aliuliza, "Meno yanacheza?"

Sikujua. Hilo ndilo lililonitia hofu. Wiki nne nilikuwa nimejizuia kuyagusa, na sasa sikuthubutu kuyagusa. Kama waya umelegea na jino limelegea nalo, basi safu ya nyuma ilikuwa inaningoja. Meli ya kwenda Mahajanga ilikuwa imeondoka juzi, na nyingine ingekuja baada ya wiki mbili.

Msimamizi kazini alikuwa na huruma ya aina yake. Aliniita kando, akatoa koleo mfukoni, lile alilokuwa akikazia mabomba. "Fungua. Nakata mara moja, unapona."

Maumivu yalikuwa makali kiasi kwamba nilifungua. Niliona koleo likija, jeusi, na grisi kwenye meno yake. Nikamkumbuka yule muuguzi na kidole chake cha mwisho: usiukate, hata iweje. Nikafunga.

"Asante, mkubwa," nilisema. "Ngoja kwanza nikaulize."

"Kuuliza tena!" alisema.

Ni mama mdogo aliyefikiria sonara. Anayejua waya mwembamba kisiwa hiki ni nani, alisema, kama si yule anayesokota hereni? Tulikwenda mimi na yeye hadi Hell-Ville, mji mkuu wa kisiwa, kwenye chumba kimoja karibu na soko, alimokuwa amekaa mzee mwenye miwani mbili, moja usoni, nyingine kwenye paji la uso. Nilipokaa tu akanikazia macho.

"Ni wewe!" alisema. "Watu watatu wamekuja kwangu mwezi huu wanataka fedha ya mdomoni kama ya yule Mmahajanga. Nimewaambia sijui kitu hicho. Wamedhani nawaficha. Fungua nione nani ananiharibia biashara."

Nikafungua. Akashusha miwani ya paji la uso juu ya ile nyingine, akanigeuza kuelekea mlangoni penye mwanga.

"Hii si fedha," alisema hatimaye.

"La."

"Hiki ni chuma. Umeumia." Akamtazama mama mdogo. "Na amewaacha watu waamini?"

"Amewaacha," mama mdogo alisema. "Amekula nundu kwa hilo."

Mzee akacheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, mara mbili, akachoma kibanio chake kidogo kwenye taa ya spiriti na kukiacha kipoe.

"Utaufungua?" nilimuuliza.

"Sikuufunga mimi, siufungui mimi. Aliyeufunga anajua kazi. Mimi nitairudisha ncha kitandani tu. Sasa sikiliza: usitikisike, na usiniulize kitu mpaka nimalize."

Alishika ncha kwa kibanio, akaisokota nusu mzunguko kufuata upande uleule iliokuwa imesokotwa. Nilihisi kukaza kidogo, si maumivu. Kisha akachukua kijiti cha mti alichokichonga, akaisukuma ncha ikalala kwenye ufa wa meno. Akapitisha kidole juu yake. Nami nikapitisha ulimi, mara moja tu, upande wa nje, kwenye waya. Palikuwa laini. Machozi yalinitoka yenyewe, nikajifanya ni moshi wa taa.

"Na meno?" mama mdogo aliuliza kwa niaba yangu.

"Nilipoikandamiza ncha hayakuyumba," mzee alisema. "Zaidi ya hapo kamuulize daktari."

Hakutaka malipo. Alitaka jambo moja: niwaambie watu ukweli, ili wamwache apumzike. Kesho yake niliwaeleza wachumaji wote habari ya hendeli, mwanzo hadi mwisho. Nilitarajia kudharauliwa. Mama mwenye msindano alisikiliza, akawageukia wenzake.

"Nilisema mimi. Bwana harusi gani anavaa suruali ile?"

Tangu siku hiyo walikuwa wakiniletea ndizi mbivu. Kwa mzee wa harusi nilikwenda mwenyewe kuomba radhi. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama angalau nundu ilikuwa tamu kweli. Nikamwambia hapo sikudanganya.

Wiki ya sita meli ilikuja. Mama mdogo alinifungia kitu ndani ya kitambaa. "Ukoko," alisema. "Nimeuanika juani siku mbili, hauharibiki. Usiuguse mpaka waya ufunguliwe."

Hospitalini Mahajanga daktari alikata waya kwa mikasi midogo, kipande kwa kipande, akavipanga kwenye bakuli. Alipofika kwenye kile kifundo akasimama, akamwambia muuguzi jambo.

"Anauliza nani alishika hapa."

"Sonara."

Daktari akanyanyua nyusi, akainamisha kichwa kama mtu anayemsalimu mwenzake asiyekuwapo. Kisha akashika jino lile lililolala, kwa vidole viwili, akalisukuma mbele, akalisukuma nyuma. Nilishika viegemeo vya kiti. Akashika la pili. Sikuelewa Kifaransa chake chote, lakini muuguzi hakuhitaji kutafsiri, alikuwa anatabasamu.

"Yameshika," alisema. "Sasa unaruhusiwa kujua."

Nilipitisha ulimi. Mahali palipokuwa na ua wa chuma palikuwa patupu, laini, pakubwa ajabu, na katikati meno mawili yamesimama kama hayajawahi kwenda popote. Nilicheka kwa sauti peke yangu kwenye kile kiti. Halafu nikasema bismillahi, ile yote, polepole, nikisikiliza kila herufi. Hakukuwa na mluzi.

Muuguzi alinionya nisubiri wiki moja zaidi kabla ya kung'ata kitu kigumu. Nami, niliyeshindwa na kila subira nyingine kabla na baada ya hapo, nilisubiri. Kitambaa cha ukoko kilikaa mfukoni mwangu siku saba.

Siku ya nane nilirudi kwenye lori. Tulisimama Belobaka, mahali palepale, na injini ikazimika kama kawaida yake. Dereva alishuka, akachukua hendeli mwenyewe, akanisukuma pembeni kwa kiwiko.

"Wewe kaa kule. Mbali. Zaidi. Geuza uso."

Nikakaa kwenye magunia ya chumvi, nikafungua kitambaa, nikachukua kipande kikubwa cha ukoko na kukitia mbele, kati ya meno yale mawili. Nikang'ata. Kra.

"Injini hiyo?" dereva aliuliza akiwa ameinama.

"Hapana," nilimjibu, kinywa kimejaa. "Zungusha tu."